Gari Linalogoma Leo Likawaka Kesho: Namna ya Kuifumania Hitilafu

Maswali ni yale yale kila wiki. "Asubuhi lilikataa kabisa, fundi alipofika likawaka mara moja. Ninunue betri?" "Nimebadilisha betri na stata, na bado lagoma nikitoka sokoni. Kimebaki nini?" Jibu la yote mawili ni moja: usinunue kitu bado. Gari lililokufa kabisa ni rahisi kulitafutia ugonjwa. Gari linalogoma siku moja na kuwaka siku tatu lina hitilafu inayojificha, na hitilafu hiyo hupimwa dakika ile ile linapogoma. Ukilipeleka gereji kesho yake likiwa linawaka, fundi atakisia, na wewe ndiwe utakayelipia makisio yake.

Kwa gari la Malindi, Watamu, Mambrui au Gongoni, mshukiwa wa kwanza ni chumvi. Upepo wa kusi huitoa baharini ukaipaka juu ya kila shaba na kila risasi iliyo wazi, na unyevu wa usiku huigeuza kutu. Gari linalolala Silversand au Casuarina hula chumvi zaidi ya linalolala Maweni, na linalofanya kazi karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni hula kuliko yote. Mwongozo wa mtu wa Nairobi hauanzi hapo. Huu utaanza hapo.

Umeandikwa kwa magari ya petroli ya kawaida: Probox, Fielder, Noah, Vitz, Nissan Note na wenzao. Gari la haibridi (lenye injini na mota ya umeme pamoja) kama Aqua au Prius halina stata ya kawaida, ile mota ya kuzungushia injini ili iwake. Humo pima betri ndogo ya volti 12 tu, na nyaya za rangi ya chungwa usiziguse kabisa.

Vitu vya kuwa navyo

- Mita ya umeme ya dijitali. Ya bei nafuu yatosha, mradi ina volti za DC na tundu la ampea 10.
- Spana namba 10, 12 na 14.
- Brashi ya waya au msasa laini.
- Magadi kijiko kimoja, maji ya moto kikombe kimoja, mswaki mzee.
- Vaselini au grisi.
- Jampa nene, yaani nyaya za kuazimia umeme kutoka gari jingine. Zile nyembamba zenye plastiki nene na waya mdogo ndani hazifai hata kuanikia nguo.
- Glavu, na miwani ya kukinga macho.
- Mtu wa pili wa kuzungusha ufunguo.
- Simu au daftari la kuandikia.
- Ikiwezekana, mashine ndogo ya kusoma misimbo ya hitilafu. Baadhi ya mashine hizi hazisomi magari ya Japani ya miaka ya nyuma, kwa hiyo ijaribu kwenye gari lako kabla hujalipa.

Kabla ya kugusa chochote: gia iwe P, au huru kwa gari la mkono, na hendibreki ivutwe. Vua pete na saa ya chuma. Ukifungua betri, anza na upande wa hasi. Ukifunga, hasi iwe ya mwisho. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi, cheche zitakazoruka hutazisahau, na betri iliyotoka kuchajiwa hutoa hewa inayolipuka.

Hatua

1. Sikiliza gari linakataaje. Fungua boneti, usimame kando, mwenzako azungushe ufunguo. Mlio utakaousikia ndio utakaokuonyesha pa kwenda:

- Kimya kabisa: nenda hatua ya 3, kisha 4, 5 na 7.
- "Tak!" moja, halafu kimya: hatua ya 5 na 6.
- "Tatatatata" ya haraka: umeme ni mdogo. Hatua ya 4 na 5.
- Injini inazunguka kivivu, kama mtu aliyeamshwa: hatua ya 4 na 5.
- Injini inazunguka vizuri lakini haishiki: hatua ya 8, 9 na 10.
- Injini inashika, inazima baada ya sekunde moja au mbili: hatua ya 8.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kuita haya yote "halistati" na kununua betri. Gari linalozunguka kwa nguvu bila kushika halina tatizo la betri wala la stata. Pesa utakayotia huko ni kama uliyoitupa Sabaki.

2. Andika kila mgomo. Kila linapogoma, kabla hujafanya lolote, andika: saa ngapi, injini ilikuwa ya moto au baridi, limeegeshwa kwa muda gani, mafuta yamebaki kiasi gani, kulinyesha au gari lilioshwa, ulisikia mlio gani, na mwishowe ni nini kiliifanya injini iwake. Migomo mitatu au minne hutosha kuonyesha mwenendo. Linalogoma alfajiri tu na linalogoma robo saa baada ya safari ya Mombasa ni magonjwa mawili tofauti, hata kama wenyewe wanalalamika kwa maneno yale yale.

3. Mtihani wa taa kubwa. Hauhitaji kifaa. Washa taa kubwa mbele ya ukuta, kisha mwenzako azungushe ufunguo mpaka START, nawe utazame ukutani.

Taa zikizima kabisa, kuna muungano mbovu kwenye betri, au betri imekufa. Zikififia sana na injini ikajikokota, betri ni dhaifu au stata inakula umeme kupita kiasi. Zikibaki kali na hakuna mlio wowote, amri ya ufunguo haifiki kwenye stata. Zikibaki kali na ukasikia "tak", shuku shaba za ndani ya stata, au ethi ya injini, yaani waya unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri. Hapo kwenye ethi ndipo wengi hupotea: taa huchukua ethi yake kwenye bodi, stata huchukua yake kwenye injini, kwa hiyo taa zaweza kuwaka kama mchana ilhali stata haina njia ya kurudishia umeme.

4. Pima betri, ikiwa imepumzika na ikiwa kazini. Gari liwe limelala usiku kucha. Kama limetoka kutembea, washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri dakika tano. La sivyo mita itakuonyesha chaji ya juu juu isiyo ya kweli. Weka mita kwenye volti 20 DC.

Volti 12.6 na zaidi, imejaa. 12.4, robo tatu hivi. 12.2, nusu. 12.0 au chini, iko hoi, na kabla ya kuilaumu ichaji kwanza.

Sasa iache mita pale pale, mwenzako apige stata. Isishuke chini ya volti 9.6. Betri inayosoma 12.6 ikipumzika, ikaanguka mpaka 4 au 5 stata inapopigwa, kisha ikarudi 12.5 kana kwamba hakuna kitu, imekatika ndani. Hiyo ndiyo betri inayomdanganya mtu wiki nzima, maana barabara ikiitikisa hugusana tena, gari likawaka.

Gari likiwaka, pima tena huku taa zimewashwa: iwe kati ya 13.8 na 14.5. Ikiwa chini ya 13.2, alternata (mashine inayochaji betri injini ikiwaka) haichaji inavyopasa, na betri mpya utakayonunua itakuwa maiti baada ya siku chache. Umri nao utazame. Joto la pwani huchosha betri mapema, na ya miaka mitatu haina haki ya kukushangaza.

5. Vichwa vya betri na ethi. Kaa hapa muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote.

Usidanganywe na macho. Kichwa chaweza kung'aa nje na kuwa na utando mweusi ndani, pale risasi (kile kiguzo cha betri kinachochomoza juu) inapokutana na kibano cha waya. Mita ndiyo huuona. Ncha moja iguse risasi yenyewe ya betri, katikati, na nyingine iguse kibano kilichoishika. Ni sentimita moja tu kati yao. Mwenzako apige stata. Kwenye muungano msafi mita husoma chini ya 0.1. Ikisoma 0.5, au ikaruka mpaka volti kadhaa, mwizi umemkamata: umeme unaishia hapo, kwenye utando ambao hata ukucha hauusikii.

Rudia kwa mpangilio huu, kila mara stata ikipigwa:

- Risasi ya hasi mpaka chuma tupu cha injini: isizidi 0.3.
- Risasi ya hasi mpaka bodi: isizidi 0.3.
- Risasi ya chanya mpaka nati ya waya mnene kwenye stata: isizidi 0.5.

Kipimo hiki hufaa stata ikiwa inavuta umeme au inajaribu kuvuta. Gari likiwa kimya kabisa kwa sababu amri ya ufunguo haifiki, mita itasoma sifuri kila mahali na utadhani nyaya ni nzima.

Huna mita? Tumia jampa moja. Banika upande mmoja kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma tupu cha injini, mbali na mikanda na feni, kisha jaribu. Gari lililokuwa likitoa "tak" likiwaka kwa nguvu, waya wa ethi ndio mgonjwa.

Kusafisha: fungua hasi, kisha chanya. Koroga magadi kwenye maji ya moto, mwaga kidogo kidogo juu ya ule unga wa kijani au mweupe, sugua kwa mswaki mpaka povu likome, suuza kwa maji matamu. Maji ya kisima cha chumvi usiyatumie hapa. Utakuwa unarudisha ulichokiondoa. Magadi yasiingie ndani ya betri kupitia vifuniko. Kausha, piga msasa risasi na ndani ya vibano mpaka ving'ae, funga chanya kisha hasi, kaza mpaka mkono usiweze kuzungusha kibano. Vaselini hupakwa mwisho, juu, baada ya kukaza. Anayeipaka kabla hujiwekea utando mpya kwa mkono wake.

Kisha zifuate nyaya za ethi mpaka mwisho wake. Magari mengi yana zaidi ya mmoja: kutoka betri kwenda bodi, kutoka betri kwenda injini au gia boksi, na mara nyingi mwembamba kutoka injini kwenda ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini. Fungua kila nati, piga msasa bodi mpaka chuma kionekane, rudisha. Waya nao ubinye karibu na kichwa chake. Ukiwa mgumu, umevimba, au unalia kama mchanga chini ya plastiki, shaba ya ndani imegeuka unga wa kijani. Hausafishiki huo, ni wa kukata na kuweka mpya wa unene ule ule. Kuikunja shaba mbovu na kuizungushia tepu ni kuahirisha tatizo mpaka kusi ijayo.

Kibano kilicholegea hakijazwi kwa kipande cha bati la soda. Twaziona hizo kila siku. Bati na risasi chini ya chumvi hulana haraka kuliko risasi peke yake.

6. Stata yenyewe. Ukifika hapa betri ni nzima na nyaya ni safi. Dalili ya stata chovu ni hii: unazungusha ufunguo, "tak", tena, "tak", mara ya tano inazunguka kama mpya. Ndani ya stata nyingi za Denso, zilizojaa kwenye Toyota, mna vipande viwili vya shaba vinavyounganishwa na kisahani kila unapopiga stata. Kila mara cheche hula shaba kidogo, na kimoja huisha kabla ya mwenzake. Ndipo kisahani kinagusa upande mmoja tu.

Thibitisha kwa mita gari likiwa linagoma. Ncha nyeusi kwenye chuma cha injini, nyekundu kwenye ule waya mwembamba wa stata, mwenzako ashikilie START. Ukiona volti 10 au zaidi na stata haizunguki, huku nati ya waya mnene nayo ina umeme wake, ubovu uko ndani ya stata. Waya mwembamba ukisoma sifuri, stata haina kosa. Nenda hatua ya 7.

Kuigonga stata kwa mpini wa nyundo huku mwenzako akishikilia ufunguo huweza kuiamsha. Ikiamka kwa kugongwa, kaboni (vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka) zimekwisha au shaba zimelika. Gonga taratibu, gia iwe P, na usirudie zaidi ya mara mbili tatu. Ni njia ya kukufikisha nyumbani.

Si lazima ununue stata nzima. Mwambie fundi wa umeme afungue abadilishe shaba na kaboni kwa pamoja, kisha akuonyeshe za zamani. Shaba iliyolika ina bonde linaloonekana kwa macho. Hasi ya betri lazima ifunguliwe kwanza, maana waya mnene wa stata una umeme saa zote, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako.

Na ukipiga stata, isizidi sekunde 10. Ipumzishe nusu dakika au zaidi kabla ya kurudia. Kuishikilia dakika nzima huichoma hata iliyo mpya.

7. Njia ya amri kutoka ufunguo mpaka stata. Taa ni kali, kimya, waya mwembamba hauna umeme. Jaribu haya kwa zamu, la rahisi kwanza:

Gia ya otomatiki: isogeze kutoka P hadi N, jaribu hapo. Likiwaka kwenye N tu, swichi ya gia imechakaa au imesogea. Gari la mkono: kanyaga klachi mpaka mwisho kabisa, kapeti isizuie.

Gari la kitufe: kanyaga breki, mtu atazame nyuma kama taa za breki zinawaka. Zisipowaka, swichi ya breki ni mbovu au fyuzi yake imekatika, na gari halitapiga stata hata ufanyeje. Swichi hii ni ya bei ndogo, na watu wameshafunguliwa dashibodi nzima kwa ajili yake.

Rilei ya stata (kiboksi cha swichi inayoendeshwa kwa umeme): mara nyingi imeandikwa ST kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi. Ibadilishane na nyingine yenye namba ile ile na miguu ile ile, kwa mfano ya honi ikiwa ni sawa. Itoe, tazama miguu. Yenye rangi ya kijani isafishe, na tundu zake pia.

Swichi ya ufunguo: shikilia START huku ukiutikisa ufunguo kidogo. Stata ikiitika kwa kutikiswa, swichi imekwisha. Rundo la funguo saba na kifungulio cha soda linaloning'inia hapo huichosha mapema.

Alamu na traka: nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo lenye maneno mengi. Magari mengi hapa yamefungwa alamu au traka (kifaa cha kufuatilia gari lilipo) iliyokata waya wa stata au wa pampu ya mafuta na kuupitisha kwenye rilei yake. Kazi hiyo hufanywa chini ya dashibodi, nyaya zikasokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu. Baada ya miaka miwili ya hewa ya bahari, gundi ya tepu imeyeyuka, shaba imekuwa nyeusi, na gari linagoma bila mpangilio wowote unaoeleweka: leo baridi, kesho moto, keshokutwa baada ya tuta. Fungua kifuniko cha chini ya usukani, tafuta waya mnene uliokatwa na kuungwa. Utikise mtu akipiga stata. Muungano kama huo ukatwe, uchomelewe kwa risasi, ufunikwe kwa mpira wa kusinyaa. Ikiwa alamu yenyewe haifanyi kazi tena, iondolewe yote na waya urudishwe kama ulivyotoka kiwandani. Gari likiwa la mkopo na traka ni ya mwenye mkopo, zungumza naye kwanza. Baadhi huzima gari kwa makusudi.

8. Ufunguo wenye chipu. Washa ON, tazama taa ndogo ya ufunguo au kufuli kwenye dashibodi. Ikiendelea kumetameta, gari halijautambua ufunguo. Utenge na funguo nyingine zenye chipu, geuza upande, jaribu wa akiba. Kwa gari la kitufe, betri ya rimoti ikiwa imeisha, shikilia rimoti igusane na kitufe huku umekanyaga breki. Injini inayoshika kisha ikazima sekunde ile ile, kila mara, mara nyingi ni huyu mlinzi wa chipu, anayelizima gari asipoutambua ufunguo.

9. Inazunguka, haishiki: ni mafuta au cheche? Usianze kwa kununua plagi. Jiulize kwanza kipi kimekosekana.

Mafuta. Kuna ushauri maarufu: weka ON, sikiliza pampu ikilia kwa muda mfupi kwenye kiti cha nyuma. Kwa Nissan nyingi ni sawa. Kwa Toyota nyingi pampu hailii kwenye ON. Hungoja injini izunguke. Watu wameshatupa pampu nzima kwa kukosa kulijua hili. Kwenye Toyota, sikiliza wakati stata inapigwa, sikio karibu na kiti cha nyuma au tundu la tangi. Kimya? Badilisha rilei ya pampu, iliyoandikwa C/OPN, na angalia fyuzi iliyoandikwa EFI kabla ya kufungua tangi. Kisha mwenzako akipiga stata, piga ngumi chini ya tangi mara mbili tatu. Likiwaka, pampu inakaribia kufa, nayo huchagua pa kufia mbali na duka.

Mwenye geji ya presha: kwenye injini ya 1NZ-FE ya Probox na Fielder, presha iwe kati ya kilopaskali 304 na 343, na baada ya kuzima ibaki walau 147 kwa dakika tano. Ikishuka upesi, gari litataka kupigwa stata mara mbili kila asubuhi na kuwaka vizuri mchana. Na kwa wanaotia mafuta ya mia mbili mia mbili huku taa ya tangi ikiwaka daima: pampu hupozwa na petroli iliyomo tangini.

Harufu kali ya petroli na plagi mbichi maana yake injini imelewa, yaani imejaa petroli kupita kiasi. Kanyaga mafuta mpaka chini, shikilia, piga stata sekunde 5 hadi 10. Magari mengi ya kompyuta hukata mafuta ukifanya hivyo, injini ikajikausha.

Cheche. Toa rilei ya pampu kwanza, kisha toa koili moja (kifaa kinachokaa juu ya plagi na kuipa umeme wa cheche), ivalishe plagi ya akiba, chuma cha plagi kigusane imara na injini. Ishikilie kwa koleo lenye mpira, kamwe kwa vidole. Cheche iwe ya buluu na ilie. Usipige stata koili ikiwa imechomekwa umeme lakini haina plagi. Huweza kuunguzwa ndani.

Kama tatizo lilianza baada ya kuosha injini kwa maji ya presha, usipime kitu. Toa koili zote, utaona maji yamekaa kwenye visima vya plagi. Yapulize, kausha, rudisha.

10. Linagoma likiwa na moto tu. Umetoka Kilifi, ukaegesha robo saa kununua samaki, ukirudi linazunguka halishiki, baada ya saa moja linawaka kama hakuna kilichotokea. Mtuhumiwa ni sensa ya kranki, kifaa kinachoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Joto la injini iliyozimwa hupanda kwa dakika kadhaa kwa kuwa hakuna upepo, na waya mwembamba wa ndani ya sensa hutanuka ukaachana. Tazama mshale wa mizunguko stata ikipigwa. Kwenye magari mengi hucheza kidogo. Ukilala kabisa kwenye sifuri, mshuku zaidi. Mwaga maji ya kawaida taratibu juu ya sensa peke yake, ukikwepa koili na plagi. Likiwaka, umeshampata. Msimbo P0335 ni wa sensa ya kranki, P0340 ni wa kamshafti, lakini misimbo hiyo isipoonekana usizisamehe sensa hizo, kwa kuwa hitilafu ya mara moja moja huenda isiache alama.

Nunua ya asili hata ikiwa imetumika. Za bandia za sensa hii mara nyingi huanza kugoma upya mapema.

11. Linagoma likikaa siku kadhaa. Hawa ni wale wanaoacha gari Mokowe na kuvuka kwenda Lamu wiki nzima. Fungua hasi, weka mita kwenye tundu la ampea 10, ncha moja kwenye risasi ya hasi na nyingine kwenye waya ulioutoa. Milango ifungwe, subiri nusu saa kompyuta zilale. Iwe chini ya miliampea 50. Ikisoma 200, betri ya Ah 45 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaohifadhi) hupoteza karibu Ah 5 kwa siku. Siku ya tano zaidi ya nusu imekwenda. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Mara nyingi ni redio, traka au taa ya buti. Mita ikiwa hapo usiwashe ON wala kupiga stata, itaungua.

Ukikwama

*Kila kipimo ni kizuri, na bado linagoma.* Umepima likiwa zima. Acha mita ndani ya gari, ngoja mgomo, anza na hatua ya 3 pale pale.

*Likisukumwa linawaka.* Gari la mkono tu. Mafuta na cheche ni vizima, rudi 4 mpaka 7. La otomatiki usilisukume.

*Jampa inaliwasha, kesho linagoma tena.* Betri haishiki chaji, alternata haichaji, au kuna kinachoinyonya usiku: 4 na 11. Likiwaka kwa kugusa tu jampa kwenye kibano kabla ya kuunga gari la pili, umekisogeza kichwa kilicholegea: 5.

*Linagoma wakati wa mvua tu.* Gari liwe gizani, injini ikiwaka, nyunyiza maji kidogo kwenye koili na nyaya za plagi za gari la zamani. Ukiona vimulimuli vya buluu, ndipo umeme unapovuja.

*Ni la dizeli.* Hatua ya 1 mpaka 7 ni zile zile. Likizunguka bila kushika, tafuta hewa kwenye mfereji wa mafuta, maji kwenye filta, na kwa pampu za zamani swichi ya kukata mafuta. Usipulize dawa yoyote ya kuwashia kwenye injini yenye plagi za joto.

*Unalipeleka kwa fundi.* Usimwambie "halistati". Mpe maandishi ya hatua ya 2, kwa mfano: "Mgomo wa tatu, Jumanne saa nane mchana, injini moto, taa zilibaki kali, tak moja. Betri 12.5. Waya mwembamba wa stata 11.6, waya mnene 12.3. Hasi mpaka injini 0.05. Liliwaka mara ya sita." Fundi anayejua kazi akisoma hayo atachukua spana namba 14 na kwenda moja kwa moja kuishusha stata.